Mbuzi Profesa na Ushindi wa Darasa la Nne A

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimezaliwa upya. Projekta imefika shuleni! Moja tu, ndani ya boksi, pamoja na kompyuta na spika ndogo zinazofanana na masikio ya paka. Mwalimu Mkuu aliliweka boksi mezani pake, akalipapasa kama kichwa cha mjukuu, akatangaza kwamba zama za chaki zimekwisha. Sasa ni zama za vifaa shirikishi vya kujifunzia. Mtoto hakai tena kama gunia la mkaa. Anagusa, anachagua, anajibiwa papo hapo. Ari inapanda! Kila alipolitamka neno "ari" alinyanyua visigino.

Kisha likaja lenye uzito. Ijumaa anakuja Mkaguzi. Atapima ari ya wanafunzi katika madarasa mawili ya nne, A na B. Shule imepungukiwa chumba, kwa hiyo darasa litakaloonekana limepooza litahamia kile chumba cha nyuma ya vyoo. Na mwalimu wa darasa litakalong'ara atateuliwa Msimamizi wa Vifaa Shirikishi. Atapewa stoo iwe ofisi yake. Stoo ina dirisha. Dirisha linafunguka!

Darasa la Nne A ni langu. Nafundisha hesabu. Shajara haidanganywi: watoto wangu hulala. Si wote. Wa mbele hunitazama, ila kwa macho ya mtu aliyejibanza barazani akisubiri mvua ipite.

Darasa la Nne B ni la shemeji. Dada mkubwa wa mke wangu. Ukoo mzima unamwita Mwalimu. Mimi, ambaye pia ni mwalimu, naitwa "yule mume wa mdogo wake". Anafundisha kwa vizibo vya soda, vijiti na nyimbo za kujitungia. Watoto wake wakiugua hulia, si kwa homa, kwa kukosa kipindi. Si kawaida hii. Nashuku kuna dawa.

Mwalimu Mkuu alipouliza nani anaweza kuiendesha projekta, sikungoja swali lifike mwisho. Nilisimama. Nikasema mimi nimehudhuria semina. Ni kweli kabisa! Nililala siku ya kwanza, ya pili nikashughulika na chakula, lakini kofia ninayo, imeandikwa ARI NDIYO INJINI. Shemeji akasema kwa upole kwamba tungeweza kupokezana. Nikamjibu kwamba kifaa hiki hakipendi kuhamahama, kinapandwa na joto. Hakuna aliyejua la kunipinga. Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama!

Kitufe cha kuiwashia kiko ubavuni. Nilikipata mapumziko yalipokuwa yanakwisha.

Tatizo moja. Ukuta wa darasa langu umebabuka rangi. Picha ikitua pale inaonekana ina ukurutu. Nahitaji kitambaa cheupe. Mke wangu ni fundi cherehani, nyumba nzima imejaa vitambaa. Kimoja kikitembea hatagundua.

Jumanne, 4 Machi

Kitambaa nimekipata. Kipana, kizito, cheupe pee. Nilikizungusha tumboni ndani ya koti, nikatoka mlangoni nimenenepa. Mke wangu akauliza kama nimevimbiwa. Nikasema hii ni fahari.

Sasa, kipindi chenyewe. 

Mchezo uko hivi. Swali linatokea juu, majibu manne chini. Mtoto anakuja mbele, anabonyeza. Pembeni, juu ya ubao wenye utelezi, amesimama mbuzi mwenye miwani na tai. Chini yake dimbwi la tope. Huyo ndiye Mbuzi Profesa. Ukipata jibu, inatokea nyota, na sauti ya mwanamke aliyechoka inasema: "Vema. Endelea." Ukikosa, Mbuzi Profesa anateleza. Anaserereka miguu juu, analia meee, anatumbukia topeni pwaa! Kisha anaibuka taratibu, miwani ikining'inia kwenye pembe moja.

Wa kwanza kumwita alikuwa Kiwembe, binti ambaye ulimi wake haujawahi kukutana na breki. Sita mara saba. Akabonyeza arobaini na moja. Mbuzi akaenda.

Sijapata kusikia sauti kama ile maishani mwangu. Watoto walicheka mpaka madawati yakahama. Mmoja alianguka mwenyewe. Na nilipouliza nani anafuata, mikono yote ikapanda! Yote! Hata ya Kimya, yule binti wa dirishani ambaye tangu mwaka uanze hatujui sauti yake ikoje. Akiitwa jina huinua kidole. Leo aliinua mkono mzima mpaka bega likamtoka kwenye sare.

Walikuja mmoja mmoja, kwa vishindo. Mbuzi akaanguka. Mbuzi akaanguka tena. Sikuwa na haja ya kutazama majibu. Nilitazama mikono. Hiyo ndiyo ari! Semina haikupotea bure!

Shemeji alimtuma mtoto kuuliza kama kuna ajali. Nikamtuma arudi akamwambie kuna elimu.

Nimerudi nyumbani nikitembea katikati ya barabara. Mke wangu alikuwa anapindua mafurushi, anatafuta kitu. Sikuuliza kitu gani.

Jumatano, 5 Machi

Nimejipalia makaa.

Leo mwisho wa kipindi cha kwanza mashine ilionyesha jumla ya nyota za darasa. Hakuna. Hata moja. Nilidhani imeharibika, nikaipiga kofi. Bado hakuna. Ndipo nikamwita Kiwembe pembeni nikamuuliza kulikoni. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemweleza babu yake namna ya kupiga simu.

"Mwalimu," akasema, "nyota inakaa tu. Mbuzi anaanguka."

Wanakosea makusudi! Darasa zima! Mkaguzi anakuja keshokutwa, nami nina watoto wenye ari ya kutisha ya kukosa.

Na wanakosa kwa bidii. Kipindi cha pili kijana mmoja alibonyeza ovyo bila kufikiri. Nyota ikatokea. Wenzake wakamzomea mpaka akakaa chini anafuta machozi. Kuanzia hapo hakuna anayethubutu kubonyeza kabla ya kupiga hesabu. Wanakunja vidole, wanaandika mapajani, wanafumba jicho moja. Wakishajua jibu la kweli, wanalikwepa kama shimo la barabarani. Kimya ndiye mkubwa wao. Mtu akifika mbele humgeukia yeye kwanza, naye anatikisa kichwa: si hilo, hilo lina nyota. Hakosei hata siku moja. Nilimkemea. Darasani hatutikisi vichwa ovyo.

Wakati wa mapumziko niliwakuta chini ya dirisha wanakaririshana jedwali la nane. Hakuna aliyewatuma! Nikauliza nini hiki. Wakasema wanajifunza wasije wakapatia kwa bahati mbaya. Nikawatawanya. Mapumziko ni ya kucheza.

Nimejaribu mawili.

La kwanza, biskuti. Atakayeleta nyota anapata biskuti. Kiwembe aliuliza kama biskuti nayo inaanguka. Nikasema hapana. Wakapigiana macho, wakashukuru kwa adabu, wakaendelea na mbuzi. Biskuti nimekula mwenyewe, kwa hasira.

La pili, nilibandika karatasi kwenye kile kijicho cha projekta, upande wa mbuzi. Maswali yakabaki, mbuzi akatoweka. Lo! Darasa lilizima kama mshumaa. Wa nyuma wakalaza vichwa. Kimya akageukia dirishani. Niliibandua karatasi upesi, wakafufuka.

Nyumbani sasa najua mke wangu anatafuta nini. Ni kitambaa cha gauni la bibi harusi. Harusi ni wiki ijayo. Anasema alikiweka juu ya kabati kwa mikono yake miwili. Nilimsaidia kutafuta. Nilitafuta kwa moyo wote, mpaka chini ya kitanda, mpaka ndani ya pipa la maji. Akasema ameguswa, kwamba siku hizi nimekuwa mume. Usiku mwema utoke wapi hapo.

Jumamosi nitakirudisha. Kitambaa hakiendi popote.

Alhamisi, 6 Machi

Mambo yameiva! Penye nia pana njia, na mimi ninazo njia mbili.

Njia ya kwanza: mkataba. Nimezungumza na darasa kama mtu mzima na watu wazima. Nikawaeleza kuhusu chumba cha nyuma ya vyoo. Wanakijua. Wakaziba pua. Nikawaambia kesho mbele ya Mkaguzi nataka nyota tupu, nami nitawalipa wiki nzima ya mbuzi, wakosee wapendavyo. Wakakaa vikundi vikundi, wakanong'ona. Kiwembe akaja na masharti: mbuzi aongezewe sauti. Nikakubali. Tukapeana mikono. Kisha nikawafundisha maswali machache ambayo nitayachagua mimi mwenyewe kwenye mashine kesho. Walinijibu yote kabla sijamaliza kuuliza, wakapiga miayo. Nikasema kweli mimi ni mwalimu.

Njia ya pili inamhusu shemeji. Si uovu. Ni mkakati. Nilikwenda darasani kwake nikamwomba mfuko wake wa vizibo vya soda, nikasema nataka kuhesabia kitu kidogo. Akanipa bila neno, akauliza na afya ya mdogo wake. Nikaufungia mfuko kabatini kwangu. Nikajisahaulisha. Bila vizibo atafundisha nini? Nilikaa ofisini nikipiga mluzi.

Baada ya muda nikasikia nyimbo nje. Natoka, naona Darasa la Nne B lote limeinama uwanjani kuokota kokoto! Wanazipanga kwa makundi, wanazigawanya, wanazizidisha, wanaimba wimbo mpya kuhusu kokoto, una na kibwagizo. Mwalimu Mkuu alisimama mlangoni akitikisa kichwa kwa mdundo. Akaniambia umeona, huyo ndiye mwalimu, anatumia hata ardhi.

Nimemnyang'anya kikombe cha maji, nikampa mto mzima.

Si kitu. Kokoto haivai miwani. Kesho ni ya projekta!

Ijumaa, 7 Machi

Nitaandika polepole, maana mgongo hauruhusu haraka. USHINDI! Lakini twende kwa mpangilio.

Mkaguzi ni mama mnene, mrefu, asiye na shingo wala tabasamu. Alipoingia ofisini hata saa ya ukutani ilionekana kujirekebisha. Alianza na Darasa la Nne B. Niliwasikia kupitia ukuta: kokoto, wimbo, kibwagizo, makofi. Alipotoka uso wake ulikuwa vilevile, lakini Mwalimu Mkuu aliyemfuata alikuwa anang'aa kama sufuria jipya. Shemeji alipita mlangoni kwangu akanitakia heri. Kwa dhati kabisa. Ndicho kinachoniudhi kwake.

Zamu yangu. Kofia kichwani, miwani puani. Kitambaa kimetandazwa ukutani, hakina hata kunyanzi. Watoto wamekaa wima. Nikatoa hotuba fupi kuhusu kifaa shirikishi na mtoto wa kisasa, nikanyanyua visigino kwenye neno "ari", nikabonyeza kitufe.

Projekta ikalia tii. Ikatoa mwanga kidogo. Nikaona pembe moja ya mbuzi. Kisha giza.

Umeme! Shule nzima umeme umekwenda! Nilibonyeza tena. Nikatikisa waya. Nikatazama dari, sijui kwa nini, watu wote hutazama dari. Jasho likanitoka chini ya kofia, likapita kwenye neno INJINI, likashuka.

Mkaguzi akasema si neno, atauliza mwenyewe kwa mdomo. Akasimama mbele ya kitambaa. Saba mara nane?

Nikawapa watoto ishara ya macho: mkataba! Lakini mkataba ulikuwa wa nyota, na nyota iko wapi? Nao wamezoea. Kiwembe akasimama, uso una matumaini yote ya dunia, akasema:

"Hamsini na saba!"

Kisha wote wakageuza macho kwenye kitambaa, wanasubiri. Kitambaa kimya. Mkaguzi naye akageuka kuona wanatazama nini. Akaandika. Mwingine akasimama akajaribu hamsini na nne. Wakasubiri. Kitambaa kimya. Mkaguzi akaandika tena, kwa kirefu. Mwalimu Mkuu akafumba macho. Mimi tayari nilikuwa nasikia harufu ya kile chumba. Midomo ilinitetemeka. 

Hapo nikasikia sauti. Nyembamba, ya kukwaruza kidogo, kama mlango usiofunguliwa siku nyingi.

"Hamsini na sita."

Sikuijua ile sauti. Nilidhani mtoto wa darasa jingine ameingia. Nikageuka nione, kumbe ni Kimya! Amesimama dirishani, ameshika dawati kwa mikono miwili, ananitazama mimi, si Mkaguzi. Katika kugeuka nikarudi nyuma hatua, nikakanyaga maji yaliyomwagika kutoka kwenye ndoo ya kufutia ubao. Mguu wa kulia ukaenda zake. Wa kushoto ukaufuata. Nikanyoosha mikono kudaka meza, nikapiga kelele "Meza!", lakini pumzi ilikatika njiani, ikatoka "Meee!" Nikaserereka miguu juu. Nikadaka kitambaa, kikatoka ukutani na misumari yake. Nikatua ndani ya ndoo, pwaa!

Nilipoibuka, miwani ilining'inia sikio moja.

 Kisha darasa likalipuka. Ee Mungu! Hata siku ya kwanza hawakucheka vile. Mwalimu Mkuu alitazama ukutani, mabega yanaruka. Na katikati ya vicheko Kiwembe akapaza sauti kwa wenzake kama jemadari:

"Leo mbuzi ni Mwalimu! Na anaanguka tukipata!"

Mikono! Msitu wa mikono! Wakawa wanamwomba Mkaguzi maswali, wanasimama juu ya mabenchi, mimi Mama, mimi Mama! Naye akauliza. Tisa mara sita. Hamsini na nne! Wote wakanigeukia. Macho yote yale, yanasubiri. Mtu mzima angefanya nini? Nilikuwa nimeshalowa. Nikateleza tena. Meee! Akauliza sita mara nane, nikaenda upande wa kushoto. Akauliza kumi na mbili mara saba, jedwali ambalo sijafundisha bado! Kimya akajibu kabla ya wote, kwa sauti ya kusikika mpaka uwanjani, nami kwa heshima ya jibu lile nikaanguka na kiti. Mkaguzi akahamia kugawanya. Wakapata. Akajaribu kuwachanganya. Hawakuchanganyika. Kila jibu sahihi, kila jibu mimi chini, nimejiviringisha kitambaa cheupe kichwani mpaka miguuni kama maiti inayokataa kuzikwa.

Mkaguzi alikaa kwenye dawati la mtoto. Alikuwa anafuta machozi kwa ripoti yake mwenyewe. Kumbe shingo anayo! Imejitokeza alipokuwa anacheka.

Hukumu ilitolewa ofisini, nikiwa nimesimama juu ya gazeti ili nisilowanishe sakafu. Alisema kwamba katika kazi yake hajaona madarasa mawili yenye ari kama haya shule moja. Aliomba aonyeshwe chumba cha nyuma ya vyoo. Alikwenda, akarudi upesi, leso puani. Akasema hakuna mtoto atakayesomea mle. Akaizungushia macho ofisi ya Mwalimu Mkuu, zulia, makochi, jokofu, akasema hii inatosha darasa. Mwalimu Mkuu akakoma kung'aa.

Na Msimamizi wa Vifaa Shirikishi? Mwalimu Mkuu alimtaja shemeji. Mkaguzi akasema bila shaka, mama yule ni hazina. Lakini shemeji mwenyewe akasema yeye kokoto zinamtosha. Apewe shemeji yake, kaangukia kazi hii. Wakacheka tena. Nikakubali kwa niaba ya teknolojia.

Jambo dogo. Wakati natoka, shemeji alinyoosha pindo la kitambaa nilichojifunga, akalisugua kwa vidole, akauliza kama si kile ambacho mdogo wake anakilia tangu juzi. Nikasema vitambaa vyeupe vinafanana.

Jumamosi, 8 Machi

Havifanani.

Leo nimefua. Nimefua tena. Nimepiga pasi huku mke wangu amekaa mlangoni na mkasi mkononi, hakati chochote, anao tu. Hakupaza sauti. Aliuliza tu nilikuwa natafuta nini ndani ya pipa la maji. Nikaongeza makaa kwenye pasi.

Doa moja limegoma kutoka, pale kwenye bega. Mke wangu akalifunika kwa ua la kitambaa. Bibi harusi alipokuja kujipima aliruka kwa furaha, akasema ndilo ua alilokuwa analiota, akataka na la bega la pili. Nikamkumbusha mke wangu wazo hilo limeanzia kwa nani. Akanionyesha mkasi. Utani huo! Tumeshapatana.

Jioni shemeji alikuja na zawadi ya dawa ya kuchua mgongo. Sikumwelewa vizuri. Alisema miaka yote hii alidhani mimi sipendi watoto, kumbe nawaogopa tu, na jana sikuwaogopa. Kwamba yule mbuzi aliwafanya wajue hesabu bila mimi kujua, lakini binti wa dirishani hakusema kwa ajili ya mbuzi. Alisema kwa sababu aliniona nakaribia kulia. Na wengine walijibu kwa sababu kulikuwa na mtu wa kuwajibu. "Shemeji," akasema, "mashine ilikuwa imezimika. Ulikuwa wewe."

Nilimshukuru. Ni mwanamke mwema, ila mambo ya kiufundi yamempita kando. Nikamrudishia vizibo vyake.

Mama yake Kimya naye alipita. Mama wa watu alishika mlango akashindwa kuanza. Kisha akasema mtoto ameongea mezani chakula kizima, amewaigiza wote, Mkaguzi, Kiwembe, mpaka mimi. Amewaangusha wadogo zake mmoja mmoja. Baba yake alicheka mpaka akatoka nje. Mama akasema hajui anishukuru vipi. Nikafuta macho. Vumbi la pasi.

Nikamwambia asinishukuru mimi, aishukuru projekta.

Jumatatu, 10 Machi

Stoo ni yangu! Dirisha nimelifungua na kulifunga tangu asubuhi. Mlangoni nimebandika MSIMAMIZI, na chini yake USIINGIE BILA ARI. Mwalimu Mkuu amehamia chumba cha nyuma ya vyoo na jokofu lake. Tulipokutana hakuniitikia.

Nimeitumia Jumapili nzima kufikiri kwa kina juu ya yaliyotokea Ijumaa, na nimefika mwisho wa jambo. Kwa nini tulishinda? Ni wazi. Projekta iliwaka kwa sekunde chache tu, na angalia matokeo yale! Sasa ikiwaka kipindi kizima? Kasoro pekee ilikuwa mbuzi. Anawachekesha watoto, na mtoto anayecheka hafikiri. Kwa mamlaka niliyopewa, nimemwondoa.

Mahali pake nimejiweka mimi. Si kwa kuanguka! Kiwembe aliniomba nianguke hata mara moja tu, kwa saba mara nane, akaniletea na ndoo. Nilimweleza kwamba Msimamizi haanguki. Kimya aliinua mkono akauliza kwa sauti yake ile mpya kama basi nitawauliza maswali. Nikamwambia leo hakuna maswali, leo ni teknolojia.

Nimejirekodi. Video nzima, ninasoma majedwali yote kutoka la mbili hadi la kumi na mbili, nimekaa, nimevaa kofia, bila kusita, kisha hotuba yangu kuhusu ari, kisha majedwali yote tena kutoka mwisho kwenda mwanzo. Umeme ulikuwepo. Picha safi. Sauti safi. Mimi nilikaa nyuma nikijitazama, na nakiri kwamba nilivutiwa.

Na darasa? Sijapata kuona usikivu wa namna ile tangu nianze kazi. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyeinua mkono kunikatiza. Hakuna aliyesogea. Ilipofika kwenye hotuba walikuwa wameinamisha vichwa wote juu ya madawati, na wengi wamefumba macho kabisa, ili wanisikie vizuri zaidi.